Bodi ya shule ya kata haiko pale kwa ajili ya mahafali

Watu wengi hapa mtaani wanaiona bodi ya shule siku moja tu kwa mwaka, siku ya mahafali ya form four, meza imetandikwa kitambaa, maji ya chupa yamepangwa, mgeni rasmi kakaa katikati na sisi pembeni tumevaa vizuri tunapiga makofi. Ikiisha hapo basi mpaka mwakani. Ndo maana mtu akisikia mi ni mjumbe wa bodi swali la kwanza ni posho shingapi. Jamani hakuna mshahara. Kikao kikiwa na soda na maandazi tunashukuru, nauli kuna siku ipo kuna siku haipo, na kwa jinsi nilivyoiona hela ya shule ilivyo mi ningependa hata hiyo soda iende kwenye chaki.

Naandika kwa kirefu leo kwa sababu kuna wenzetu wanamaliza muda wao na nafasi zitakuwa wazi, na kila ninayemfuata, mtu mwenye akili zake na moyo wake, ananiambia mama, hayo mambo ya walimu niachie. Sio mambo ya walimu. Shule ya kata ni hela ya serikali na watoto wa mtaa, na mtu pekee mtaani mwenye haki ya kukaa mbele ya mkuu wa shule akauliza hela imeenda wapi na huyu mtoto yuko wapi, akajibiwa kwa karatasi, ni mjumbe wa bodi. Mzazi mmoja mmoja akiuliza anaonekana mkorofi. Bodi ikiuliza ni kazi yake, imeandikwa kwenye Sheria ya Elimu tangu 1978, na mkuu wa shule mwenyewe ndo katibu wa bodi kwahiyo hawezi kusema hajasikia.

Shule yetu iko upande wa Ilemela, huku Mwanza, karibu na ziwa, jina naliacha maana nitaongelea watoto na sitaki mtu aanze kuwanyooshea vidole. Mi biashara yangu ni dagaa, nanunua kwa wavuvi huku kwetu napeleka kwa jumla soko la Mwaloni Kirumba, wateja wangu wengi ni wale wanaosafirisha kwenda Congo na Rwanda. Kwenye bodi tuko mchanganyiko, kuna mwalimu mstaafu ndo mwenyekiti wetu, kuna muuguzi wa zahanati, kuna fundi ujenzi, kuna mchungaji, kuna mwakilishi wa walimu, na mimi. Mwanzoni nilidhani niliwekwa ili akina mama nao waonekane wapo, lakini kikao cha kwanza tu ilipoletwa ripoti ya mapato na matumizi nikajua kwanini nipo, maana mtu anayeuza dagaa kwa magunia anajua kusoma daftari la hela.

Na historia ya hii shule lazima niiseme kwa sababu vijana hawaijui. Kabla ya 2004, ulipoanza MMES, ule mpango wa serikali wa kuendeleza sekondari, mtoto wa huku akifaulu darasa la saba alikuwa anahesabika kwa vidole, sekondari za serikali zilikuwa chache na za mbali, mtoto wa mvuvi akienda sekondari mtaa mzima unajua. Halafu ikaja ile kasi ya 2006 wakati Lowassa ni waziri mkuu, kila kata ijenge sekondari yake, na watu wakajenga kweli. Hapa kwetu mawe hayanunuliwi, yako kila mahali, watu wakapasua, akina mama wakabeba maji ya kuchanganyia zege kwa ndoo kutoka ziwani. Kuna bibi mmoja nikipita kwake huwa ananionyesha darasa la mwisho kule kwenye kona ananiambia msingi ule una ndoo zangu. Mjukuu wake sasa hivi yuko form two humo humo. Kwahiyo mtu akija kunicheka hapa na maneno ya St. Kayumba, lile jina la kubeza shule za serikali, mi siwezi kucheka naye, hii shule ina jasho la watu ninaowasalimia kila asubuhi.

Sasa tuje kwenye hela maana hapo ndo watu wengi wamechanganyikiwa.

Elimu bila ada ilianza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ikafutwa, serikali ikaanza kuifidia shule yenyewe, pamoja na ruzuku ya uendeshaji ambayo ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Hela inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, haizunguki tena kama zamani, na hilo ni jambo zuri sana mi nalisifia wazi. Lakini chukua hiyo 25,000 ya ruzuku ugawe kwa siku 194 za masomo, unapata kama shilingi 129 kwa mtoto kwa siku, na hapo bado sehemu ya vitabu haijatolewa. Shilingi 129 hununui chapati. Humo ndo kuna chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, mlinzi, umeme, vifaa vya maabara. Siku ya kwanza nilipopiga hiyo hesabu kwenye simu mbele ya wenzangu mchungaji aliniomba niirudie maana hakuamini.

Afu Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni, akasema mwalimu asishike mchango wowote, mwenye moyo wa kuchangia apeleke kwa mkurugenzi. Naelewa kabisa kwanini, kuna shule zilikuwa zinamrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango wa dawati au wa mlinzi, mtoto analia njia nzima, ule ulikuwa ukatili. Lakini mtaani watu walisikia nusu tu ya maneno, walisikia "hakuna kuchangia", basi, hata chakula cha mtoto wake mwenyewe mzazi akawa anasema serikali itatoa. Walimu nao wakaogopa hata kulitaja neno mchango kwenye mkutano. Hapo katikati ndo bodi inapotakiwa isimame, kwa sababu mwalimu akisema tuchangie mahindi anaonekana anataka kula, ila muuguzi wa zahanati akisimama akasema watoto wanaanguka mstarini kwa njaa na mimi ndo napokea hao watoto, watu wanasikiliza. Tulifuata utaratibu, muhtasari wa kikao ukapelekwa, kibali kikaombwa, wazazi wenyewe wakachagua kamati ya chakula, na mwalimu hashiki hata shilingi. Mahindi yanapimwa kwa debe mbele ya watu, maharage kwa kilo, asiye na mahindi analeta kuni au analeta dagaa, na mtoto wa asiye na kitu kabisa anakula kama wenzake, hilo tuliliandika kwenye muhtasari kabisa ili asije mtu akaligeuza baadaye.

Na hapo kwenye daftari kuna kitu nataka wajumbe wapya wakijue. Karatasi ya mapato na matumizi ikiletwa msiangalie jumla ya chini mkasaini. Angalia vifungu vidogo vinavyojirudia. Kuna kipindi tulikuwa tunaona "matengenezo madogo madogo" kila mwezi, hela sio kubwa, ila inajirudia kama kodi ya nyumba, na ukienda kuangalia vitasa vya madarasa vimekatika vile vile. Tuliuliza kwa heshima tu, mwenyekiti akasema mwalimu, tunaomba viambatanisho, na kikao kilichofuata risiti zikaja na maelezo yakaja, na tangu hapo kila matengenezo yanaandikwa ni nini na ni wapi, kitasa darasa la tatu, bati mbili choo cha wasichana. Hatukumfukuza mtu wala kumwaibisha mtu. Siku hizi manunuzi yanapita kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na hilo limesaidia, ila mfumo haujui kama kitasa kilifungwa kweli, wa kwenda kukishika hicho kitasa ni wewe.

Cha pili ni watoto wenyewe. Hapa ndo nakaa muda mrefu zaidi kuliko kwenye hela, na ndo sababu siachi hii kazi.

Ukitaka kuijua shule ya mwambao usianze na matokeo ya NECTA, omba daftari la mahudhurio la form two ulilinganishe na mwezi, namaanisha mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi giza likiwa giza kweli, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa, boti zinapigwa lami. Mi hilo nalijua kwa biashara, mbalamwezi ikiwa kubwa mzigo unapungua na bei inapanda. Siku moja nimekaa na mwalimu wa darasa tunapitia daftari nikaona wavulana wale wale wanapotea wiki mbili, wanarudi, wanapotea tena, nikamwambia mwalimu hawa hawaumwi, hawa wako ziwani. Mwalimu alikuwa ametoka mikoa ya huko juu kusikokuwa na ziwa, alikuwa ameandika "mgonjwa" kwa sababu ndivyo walivyomwambia, na wasichana nao asubuhi za giza hizo hizo wanachelewa kwa sababu dagaa wakishuka lazima waanikwe kabla jua halijapanda.

Tukaenda mwaloni kwetu huku, pale boti zinaposhusha dagaa, mimi na mwenyekiti, asubuhi, boti zinaingia. Kuna mwenye boti mzee ninayenunua kwake miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Leo umekuja na mwalimu, mmekuja kunikamata?"

"Hapana mzee, tumekuja kuongea kuhusu yule mtoto wa shule aliye kwenye boti yako."

Akaangalia chini, akamwambia kijana wake aendelee kushusha ndoo, halafu akatuvuta pembeni kwenye kivuli cha chanja. "Huyo mtoto sikumtafuta mimi. Mama yake alikuja hapa akaniomba. Baba hayupo, kuna wadogo watatu. Nikimkataa mimi atapanda boti nyingine, na huko kwingine hawatamvalisha hata jaketi."

Ungemjibu nini? Mwenyekiti wetu alikaa kimya, mtu aliyefundisha maisha yake yote, akakaa kimya. Kwa sababu mzee hakusema uongo. Sheria tunaijua, na afisa mtendaji angeweza kuja pale na mgambo, ila kesho yake mtoto angekuwa kwenye boti ya mwalo mwingine na sisi tusingekuwa na wa kumuuliza. Tulichofanya ni kwenda kwa mama yake. Nilimpa mzigo wa kuanika kwa makubaliano, analipwa kwa gunia, na nilifanya hivyo kama mfanyabiashara maana bodi haina fungu la hivyo na haitakiwi kuwa nalo. Mwenyekiti wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo, akakubali kwamba kwenye orodha ya wavuvi wa kila boti hatapitisha mtoto aliye kwenye daftari la shule, sisi tunampa majina kila mwanzo wa muhula. Yule kijana alirudi, akafanya mtihani wa kidato cha pili, akapita. Mwenzake aliyekuwa naye boti moja hakurudi, yuko visiwani huko Ukerewe, nikikutana na mama yake sokoni tunaongelea mambo mengine tu.

Na kuna binti mmoja yuko kwetu alirudi baada ya kujifungua, tangu serikali iliporuhusu Novemba 2021. Walimu walimpokea vizuri, tatizo lilikuwa wazazi wa wengine, wanakuja ofisini wanasema atawaharibu watoto wetu. Muuguzi wetu aliongea nao kwenye mkutano mmoja, kwa sauti ya chini kabisa, akawauliza kati yenu nani anataka huyu mtoto abaki nyumbani mpaka apate wa pili. Hakuna aliyenyoosha mkono. Binti anasoma, mtoto anabaki kwa bibi, saa nne mapumziko anakimbia kunyonyesha anarudi.

Mpwa wangu anasoma ualimu chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe, ndo aliniambia kuhusu shule za Marekani wanaziita charter. Nikavutiwa sana. Walianza jimbo la Minnesota, sheria ikapita 1991, shule ya kwanza ikafunguliwa 1992 mji wa St. Paul. Ni shule ya hela ya serikali, mzazi halipi ada, lakini inaendeshwa na bodi yake kwa mkataba wa miaka michache, na mkataba ukiisha wanaangaliwa watoto wamejifunza nini na hela imetumikaje, wakishindwa shule inaweza kufungwa. Na wajumbe wa hizo bodi kwa kawaida hawalipwi, ni watu wa mtaani kama sisi, mhasibu, mzazi, fundi, mwanasheria. Kuna zile za katikati, middle school, watoto wa darasa la sita mpaka la nane, miaka kama 11 mpaka 14, umri ule ule ambao huku kwetu tunawapoteza kwenye boti. Bodi yao inaajiri mpaka mkuu wa shule. Sisi hatuajiri, walimu wanapangwa na serikali, na mi sililii hilo maana hapa kila mtu ana ndugu yake, ikiwa sisi ndo tunaajiri tungegombana mpaka basi. Na huko kwao kuna ubishi mkubwa, wengine wanasema hizo shule zinanyonya hela za shule nyingine za serikali, kwahiyo sisemi tuige kila kitu.

Nilichokipenda ni kimoja. Majimbo mengi kule sheria inataka vikao vya hizo bodi viwe wazi, mtu yeyote wa mtaani anaingia anakaa nyuma anasikiliza bajeti ikipitishwa. Huku kwetu karatasi ya mapato na matumizi inabandikwa ubaoni ofisini, na ofisini mzazi haingii mpaka aitwe kwa kosa la mtoto. Kwahiyo tulikubaliana na mkuu wa shule, na namshukuru alikubali bila shida, kwamba kila muhula tunaandika hesabu kwa maandishi makubwa kwenye manila tunabandika pia ofisi ya BMU pale mwaloni, palipo na watu. Imeingia ngapi, imetoka ngapi, imefanya nini, mahindi yamebaki madebe mangapi. Wiki ya kwanza watu walipita tu. Wiki ya pili mbeba mizigo mmoja akaniuliza mama, mbona hela ya maabara imekaa muda mrefu haijatumika? Nilifurahi siku nzima. Alikuwa sahihi, na swali lake liliingia kwenye kikao kama lilivyo.

Na kuna jambo linakuja ambalo halitasubiri. Kwa sera mpya ya elimu, shule ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba na elimu ya lazima ni miaka kumi, maana yake 2027 darasa la sita na darasa la saba wanamaliza pamoja, na Januari 2028 wote wanaingia form one kwa mkupuo. Mikupuo miwili kwenye mlango mmoja! Sisi tayari kuna mikondo watoto wanabanana watatu kwenye dawati. Serikali inajenga, nimeona hela za madarasa zikija na zikitumika, ila utaratibu wa siku zote ni wananchi wanyanyue boma mpaka kwenye lenta halafu halmashauri imalizie kuezeka, na boma halinyanyuki kwa mwezi mmoja. Fundi wetu kwenye bodi ameshapima, vyumba viwili na matundu ya vyoo, ya wasichana kwanza, kwa sababu darasa likichelewa watu watakaa chini ya mti lakini choo kikikosekana wasichana wanabaki nyumbani siku zao na hakuna anayeandika hiyo sababu kwenye daftari. Mawe tunayo. Mchanga tumeahidiwa na mwenye lori, tunalipa mafuta tu. Saruji ndo kichwa kinauma, na kokoto bei imepanda tangu ujenzi uwe mwingi huku Buswelu.

Kwahiyo nawaomba msikimbie. Huhitaji digrii, unahitaji kujua kusoma daftari, kuwa na muda wa kikao na muda wa kutembea, na usiwe mtu wa kuogopa kuuliza mara ya pili. Majina yanapelekwa kwa mtendaji wa kata, yakipitishwa huko juu unapewa barua. Na akina mama mnaogonga kokoto kule mlimani, nyie hasa ndo naongea na nyie, pelekeni hata jina moja, maana kikao kilichopita tulibishana karibu saa nzima tripu moja ya kokoto ni shingapi na inajaza msingi wa urefu gani, na mle ndani hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kuigonga.